Vichujio vya Ijumaa

Dada yangu alikuwa msafi kupita kiasi. Simsifu hapa. Nasema hivyo kwa sababu usafi ndio uliomuua, na anayeijua habari hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho ni mimi, na nimechoka kukaa nayo kooni kama mwiba wa samaki.

Mimi naitwa Kesho. Jina hilo alinipa yeye. Mama yetu alipofariki, dada alikuwa na miaka kumi na saba na mimi minane, akabaki kuwa mama bila kuulizwa kama anataka. Kaoge, anasema. Kesho, najibu. Fua shati lako. Kesho. Basi ananishika sikio, ananiburuta hadi kwenye beseni, ananisugua kwa dodoki mpaka ngozi inawaka moto. "Uchafu haungoji kesho!" anasema, na mimi nalia kama ninachinjwa. Jina likanifuata shuleni, likanifuata kiwandani, na leo nina miaka arobaini na tano, walinzi wa getini wananiita Mzee Kesho kwa heshima zote, hawajui kwamba lilianza kama tusi.

Kiwandani dada alikuwa na jina lake pia. Walimwita Mwalimu, kwa sababu hakuna mtu aliyeingia pale asipite mikononi mwake. Ndiye aliyeniingiza na mimi. Yeye alifanya kazi humo miaka ishirini na sita, mimi hadi leo ishirini na mmoja, wote katika kazi ya chumvi.

Si chumvi ya kula, usije ukaonja. Ni chumvi ya nikeli, chembechembe za kijani kama chupa iliyopondwa, zinakuja kwenye magunia ya plastiki yenye ukungu kwa ndani. Mimi ni mtu wa stoo: napokea magunia, nayapanga, nayasukuma kwa mkokoteni hadi kwenye mizani ya dada. Yeye anapima, anayeyusha kwenye maji ya moto, anapata maji ya kijani mazuri kweli, ukiyaona utadhani ni sharubati. Kutoka hapo maji yanakwenda njia mbili. Upande wa kushoto wa jengo kuna mabeseni marefu ya kuchovyea. Humo vinaingia vidude vidogo vya shaba, vile vilimi unavyoviona ndani ya plagi ya kuchajia simu, umeme unapitishwa, vinatoka vimevikwa nikeli, vyeupe vinang'aa. Kama una simu au redio, huenda umebeba jasho letu mfukoni na hujui.

Upande wa kulia ni wa vichocheo. Huko wanachukua punje nyeupe za udongo maalumu, ndogo kama maharagwe, wanaziloweka kwenye maji yale yale ya kijani, wanazikausha, kisha wanazichoma kwenye tanuri. Tanuri linatoa moshi wa rangi ya chai ya rangi, unawasha macho hata ukiwa mbali. Punje zinaingia kijani zinatoka nyeusi. Hizo zinauzwa kwa viwanda vinavyogeuza mafuta ya maji kuwa mafuta ya kuganda. Mzee wa tanuri alinieleza siku zangu za kwanza: punje inaharakisha kazi, mafuta yanaganda upesi, lakini punje yenyewe haiishi, unaitoa unaitumia tena. "Inachochea wengine, yenyewe haiishi," alisema, kisha akakohoa na kucheka. "Wanaoisha ni sisi." Tulicheka sote. Ulikuwa mzaha wa kila siku.

Baada ya tanuri, punje zinachekechwa ili kuondoa unga, kwa sababu mnunuzi hataki unga. Unga ule ni mweusi, laini kuliko poda ya mtoto, unaingia hata ndani ya saa ya mkononi. Kazi ya chekeche ilikuwa ya dada pia, kila alasiri baada ya mizani. Alikuwa na msaidizi mmoja upande wa pili, zaidi yao hakuna mwingine aliyeaminiwa. Alikuwa akichekecha bila kumwaga hata punje moja, amejifunga kitambaa kichwani, barakoa usoni, na wimbo wa kanisani puani.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu mambo yote yako hapa.

Barakoa zetu ni za mpira, zina vichujio viwili vya duara, kila upande wa mdomo kimoja, vyeupe, vigumu kidogo kama kofia mpya. Kikijaa vumbi unapumua kwa shida, unakitupa, unachukua kipya. Ndivyo ilivyokuwa. Halafu mwaka mmoja, ni kama miaka kumi na minane sasa, vichujio vikachelewa kuja. Miezi miwili stoo haina hata kimoja. Watu wanapumua kama punda mlimani. Dada akasema: "Kwani hivi si kitambaa? Kitambaa kinafuliwa." Akaleta beseni lake la nyumbani, akaweka maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, akaviosha vyote, vyake na vya wenzake, akavibana kwa vibanio vya nguo kwenye bomba la mvuke.

Jumatatu watu wakavaa. Mungu wangu! Wepesi! Unavuta hewa kama huna kitu usoni. Mzee wa tanuri alimshika dada mkono akamwambia, "Mwalimu, umeniongezea miaka." Ndivyo alivyosema, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila Ijumaa, saa moja kabla ya kutoka, kazi inasimama, watu wanapanga foleni kwenye beseni. Kila kichujio kina alama ya mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Ukitaka kumjua mtu mzuri kiwandani, unaangalia bomba la mvuke. Vichujio vipya vilipowasili hakuna aliyevitaka. Vigumu hivi vya nini, na vile vyetu vimelainika? Maboksi yakarundikana stoo kwangu hadi kwenye dari. Meneja akafurahi kupita kiasi. Akampa dada saa ya ukutani yenye nembo ya kiwanda, mbele ya watu wote, akasema laiti wafanyakazi wote wangekuwa kama huyu mama. Dada akaitundika sebuleni, juu ya kochi, akawa anaifuta kila asubuhi.

Na mimi? Mimi ni Kesho, jamani. Mnategemea nini?

Sikuosha hata siku moja. Nilikuwa na stoo iliyojaa vichujio vipya na ufunguo uko shingoni mwangu. Nioshe kwa sababu gani? Kikijaa, nachana boksi, nachukua kingine, cha zamani nakisokomeza chini kabisa ya pipa la taka. Lakini ningesemaje kwa dada? Kuna mwanamke mmoja wa kuchovya aliwahi kuomba kipya, dada yangu akamsema mbele ya foleni nzima: "Mwenzetu ana pua ya kifalme, haiwezi kuvaa kilichofuliwa. Unachukua kipya leo, kesho vikichelewa tena wenzako wavute nini?" Yule mwanamke hakurudia tena. Basi mimi nikajitafutia ujanja. Nikaweka vichujio viwili vikuukuu vyenye alama yangu, kila Ijumaa navilowesha kwenye bomba la maji, navikamua, navitundika. Vichujio vya maonyesho. Dada anapita anakagua. "Umeosha kweli?" "Nimeosha, dada." "Kwa sabuni?" "Hata povu bado lipo, nusa." Miaka kumi na minane nilimdanganya hivyo, na nilikuwa najiona mjanja sana.

Mzee wa tanuri akafa. Ni miaka sita sasa. Kifua, wakasema, sigara, wakasema. Baada yake binti wa dada, mtoto wake pekee, akamaliza shule, akakosa kazi kila mahali, na miaka mitatu iliyopita mama yake akamleta kwetu, upande wa kuchovya. Dada alimfundisha kuosha vichujio siku ya kwanza kabla hata ya kumwonyesha choo kiko wapi.

Mwaka jana dada alianza kulalamika kwamba chakula hakina harufu. Akaunguza mboga mara mbili akiwa amesimama pale pale jikoni. Kisha pua ikaziba upande mmoja, kisha ikaanza kutoka damu, na shavu la kulia likavimba taratibu mpaka jicho likasogea. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe. Daktari akatazama picha, akasema uvimbe uko ndani ya pua, nyuma ya shavu, na umekwishafika pabaya. Akauliza anafanya kazi gani. Nikaeleza. Akaandika, akauliza, "Barakoa mlikuwa mnavaa?"

Dada akaketi wima kwenye kile kitanda cha chuma. "Kila siku, daktari. Na vichujio vyake naosha kila wiki kwa mkono wangu." Alisema kwa fahari. Daktari akaitikia kwa kichwa tu, akaendelea kuandika. Nadhani na yeye hakujua.

Tukamrudisha nyumbani, kwenye vile vyumba vyake viwili. Alilala chini ya saa yake ya ukutani, na akawa ananiuliza swali moja kila nikienda. "Nilikosea wapi, mdogo wangu? Mimi sikuwa mzembe. Ningekuwa mzembe ningeelewa." Nami najibu, "Ni mipango ya Mungu, dada." Anatikisa kichwa. Mtu aliyepima kwa gramu maisha yake yote humwambii habari ya mipango ya Mungu akaridhika. Alitaka kujua kosa liko wapi.

Miezi mitatu baada ya hapo akaja mkaguzi. Msichana mdogo wa kimo, miwani mikubwa, na daftari. Alizunguka jengo zima na meneja nyuma yake anatabasamu kama bwana harusi. Ilikuwa Ijumaa. Akafika kwenye bomba la mvuke, akaona vichujio ishirini na mbili vimening'inia, vya watu kumi na mmoja, akasimama.

"Hivi ni nini?"

"Usafi," akasema meneja. "Wafanyakazi wetu wana nidhamu sana."

Msichana akaja stoo kwangu, akaomba boksi. Akaligeuza, akanionyesha pembeni, chini kabisa, kipicha kidogo kuliko ukucha: beseni la maji lenye mstari umekatwa juu yake. Miaka kumi na minane nimebeba maboksi yale, sijawahi kukiona. Na maandishi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu wetu anayeisoma.

"Hivi haviguswi na maji, mzee," alisema kwa upole. "Ndani yake kuna chaji ya umeme kidogo sana, ndiyo inayonasa vumbi. Maji na sabuni vinaiua. Ukishaosha, umebaki na kitambaa."

"Lakini ukishaosha unapumua vizuri zaidi," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Hewa inapita, na vumbi linapita nayo. Ule wepesi ndio ubovu wenyewe."

Meneja akasema suala hilo litashughulikiwa. Mnajua maana yake. Mkaguzi akaondoka na daftari lake, na Ijumaa iliyofuata beseni likawekwa pale pale. Anayeliendesha sasa alikuwa mpwa wangu, amerithi nafasi ya mama yake, mikono ya shati imekunjwa, anasugua.

Nikawaambia. Nilisimama mbele ya foleni nikasema jamani, acheni kuosha, mkaguzi kasema hivi na hivi, tazameni picha kwenye boksi. Fundi wa mabeseni ya kuchovyea akapasuka kicheko.

"Kesho! Miaka yote hii unatafuta sababu ya kutoosha, leo umeipata!"

Wakacheka wote. Nilimvuta mpwa wangu pembeni, nikamwambia mwanangu, nisikilize mimi mjomba wako. Akanitazama kwa yale macho ya mama yake. "Mjomba, Mama kaosha miaka kumi na minane. Ingekuwa kweli, Mama angejua." Akarudi kwenye beseni.

Hapo ndipo nilipoona nimebanwa. Mwongo akisema kweli, nani atamsikia? Mtu mmoja tu angeweza kuwaambia wakaamini, naye amelala chini ya saa, anangoja kufa, anajiuliza alikosea wapi. Nikimwacha afe kwa amani, binti yake ataendelea kuosha. Nikimwambia, ndiyo nimempa jibu la swali lake.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Ijumaa mbili, mnaelewa? Kila asubuhi najiambia leo, kila jioni nasema kesho.

Nikaenda Jumapili baada ya chakula cha mchana. Binti alikuwa nje anafua. Dada alikuwa ameegemea mito miwili, shavu limefungwa shashi, jicho moja tu linaona. Nikaketi kwenye kistuli, nikamwambia yote: mkaguzi, picha kwenye boksi, chaji ya umeme, maji. Nilisema nikitazama sakafu.

"Rudia ile ya umeme," akasema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo tangu siku ya kwanza. Tangu mzee wa tanuri aliponishika mkono."

"Ndiyo, dada."

"Sigara aliacha miaka tisa kabla ya kufa," akasema. "Na vichujio vyake nilikuwa namwoshea mimi, kwa sababu ya vidole vyake vilivyokakamaa." Akaanza kuhesabu watu kwa vidole vyake mwenyewe, polepole, mwanamke wa kuchovya, fundi wa mabeseni, mmoja aliyehama zamani. Alipofika kwa binti yake akaacha. Kisha akanigeukia ghafla, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikudhani amebaki nazo. "Na wewe! Wewe niliyekulea! Wewe je?"

Ningeweza kusema uongo mmoja zaidi. Lakini alikuwa hajaniachia mkono, nikasema, "Sikuosha, dada."

"Hukuosha lini?"

"Sikuwahi kuosha. Nilikuwa nachukua vipya stoo. Vile vya kwenye bomba vilikuwa vya kukuonyesha wewe."

"Hata kimoja hukuosha?"

"Hata kimoja."

Akacheka. Naapa alicheka, mpaka shashi ikaingia damu. "Mvivu wee! Mvivu mkubwa wee! Mungu ana maajabu yake. Kumbe umepona kwa uvivu!" Akanipapasa kichwa kama nina miaka minane. Machozi yakanitoka. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na guu likavunjika la mkuu mwenyewe.

Halafu mkono wake ukaacha kunipapasa. Ukabaki juu ya kichwa changu, hausogei. Nilijua anapima kitu.

"Mwaka ule mwenzangu wa chekeche alipojifungua," akasema, "ulikuja kunisaidia mwezi mzima. Wewe upande huu, mimi upande ule. Vumbi lile lile."

"Ndiyo."

"Tukitoka tunapenga kamasi pale kwenye bomba la maji. Yangu ilikuwa nyeusi."

"Nakumbuka."

"Ya kwako ilikuwa na rangi gani?"

"Nyeupe," nikasema.

"Na yangu uliiona?"

"Niliiona, dada."

"Ni lini ile?"

"Mwaka tulipomzika mzee wa tanuri."

Miaka sita. Ndiyo, niliona. Niliona yake nyeusi kama wino, na kuzunguka pua yake, ndani ya barakoa, duara la masizi. Na yangu safi. Haki ya Mungu sikujua kwamba kuosha kunaharibu. Lakini nilijua, kama mtu yeyote mwenye macho angejua, kwamba changu kinafanya kazi na chake hakifanyi. Na tofauti kati yetu ilikuwa moja tu, na niliijua mimi peke yangu.

"Ungeniambia," akasema. Hakupandisha sauti. "Ungeniambia tu kamasi yako ni nyeupe, Kesho. Mengine ningeyapata mwenyewe. Uliogopa nini?"

"Ungejua naiba."

"Vichujio?"

"Vichujio."

"Stoo vilikuwa vimebaki?"

"Vimejaa hadi kwenye dari. Hakuna aliyevitaka."

Akaondoa mkono wake kichwani mwangu, akauweka kifuani pake, akageuzia uso ukutani. Nikangoja anitukane. Ningeshukuru angenitukana. Akasema tu, "Niitie mwanangu. Wewe nenda nyumbani."

Jumapili iliyofuata watu wote kumi wa kiwandani walikuja, kwa sababu Mwalimu alikuwa amewaita. Walijaa vyumba vyote viwili, wengine wamesimama mlangoni, binti yake amekaa kitandani miguuni pake. Nami nilisimama nje, dirishani, kama mtu anayesikiliza matanga ya jirani. Dada akawaambia kwa sauti ya puani, ndiyo pekee iliyokuwa imebaki: "Nimewafundisha nisichokijua. Ukiosha kile kitu, umekiua. Msioshe tena. Kosa ni langu, na mimi ndiye niliyelianzisha." Fundi wa mabeseni akaanza kulia kwa sauti. Yule mwanamke wa kuchovya, yule wa pua ya kifalme, akasimama akamtazama dada kwa muda mrefu, kisha akapita katikati ya watu akatoka bila kuaga, akashika njia. Hakuna aliyemlaumu.

Kunihusu mimi dada hakusema neno. Alibeba lote peke yake, kama alivyozoea kunibeba.

Nilikwenda kumwona mara nne tena. Alinijibu salamu. Aliniruhusu nimshike mgongo anywe maji. Lile swali lake la alikosea wapi hakuliuliza tena. Akafa Jumanne asubuhi, wakati watu wanaingia zamu, na tulimzika kesho yake. Meneja alileta shada la maua lenye utepe. Siku chache baadaye wakabandika karatasi juu ya bomba la mvuke, beseni lenye mstari, safari hii kubwa kama sahani, sasa hata kipofu angeliona.

Mpwa wangu alinijia stoo wiki ya tatu. Amekonda, nywele amekata. Akafunga mlango.

"Mjomba, Mama siku ile aliponiita chumbani alikuwa analia. Alisema kosa ni lake. Lakini Mama hakuwa analia kwa kosa lake, namjua. Kulikuwa na nini?"

Nilitaka kusema kesho. Mungu ananiona, neno lilikuwa ulimini. Nikaangalia yale maboksi, nikamwambia. Nikamwambia vichujio nilivyokuwa nachukua, vile vya maonyesho, chekeche, bomba, rangi ya kamasi ya mama yake na rangi ya yangu, na miaka sita. Alisikiliza akiwa amesimama, mgongo mlangoni. Hakulia. Nilipofika mwisho akauliza jambo moja tu: "Na mimi nilipoletwa hapa, miaka mitatu iliyopita, ulikuwa unajua tayari?"

"Nilikuwa nimeona tayari," nikasema.

Akafungua mlango akatoka.

Huenda mkatokea kwetu siku moja, mtaona mambo yamenyooka. Vichujio vipya kila baada ya wiki mbili, kila mtu anakuja dirishani pangu, anarudisha vya zamani, anachukua vipya. Hospitali imewapima wote. Wawili wameambiwa warudi kupigwa picha nyingine. Mpwa wangu si miongoni mwao, bado, na daktari amesema aendelee kupimwa kila mwaka maisha yake yote, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kukaa miaka ishirini kabla haujajitokeza. Mimi kifua changu ni safi kabisa. Daktari alinipongeza.

Mpwa wangu ananijia Ijumaa, saa ile ile ya zamani ya beseni. Anaweka vichujio vyake vichafu dirishani, anatazama ukuta nyuma yangu. Nilimfundisha kutembea, mtoto huyu. Nilimbeba mabegani siku ya kwanza ya shule, na tangu aanze kusema hajawahi kuniita jina lingine ila mjomba.

"Mtu wa stoo," anasema, "naomba viwili."